Ufunguo wa Wateja Wote

Wengine hukutana harusini, wengine kwenye foleni ya benki. Hawa wawili walikutana mmoja wao akipigwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, katikati ya soko la vifaa vya umeme: mwanamume yuko chini, watu saba juu yake, na mwanamke kasimama hatua kumi kutoka hapo ameshika shoka.

Shoka lilikuwa la kazi. Mwanamke huyo alikuwa na bucha mtaa wa nyuma, na ndiyo kwanza ametoka kulinoa. Kwa sababu ya shoka hilo, na kwa sababu ya ulimi wake, mtaa mzima ulimwita Shoka, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti. Alivaa gauni la njano lililomkaa vizuri kiunoni, na chini yake mabuti meupe ya mpira yaliyofika magotini. Alikuwa na haraka zake. Lakini yule mtu aliyelala chini, Shoka alikuwa amemwona muda mfupi uliopita kwenye kibanda cha kona, akinunua modemu kuukuu na kubishana bei na muuzaji mpaka wote wawili wakacheka. Sasa jirani wa kibanda hicho amepotelewa na modemu yake, akamwona mtu anapita na modemu kwapani bila mfuko, akapiga yowe la mwizi. Hakuna aliyeuliza swali la pili.

Teke likamwingia mbavuni. Mtu mwingine akainua tofali.

"Mwacheni!" Shoka akapasua njia kwa viwiko.

"Dada, kaa mbali. Huyu mwizi."

"Mwizi babu yako! Nimemwona kwa macho yangu akilipa." Akalishusha shoka kwenye meza ya mbao iliyokuwa karibu, likazama mpaka meza ikapasuka. "Nakata mifupa tangu nina miaka kumi na sita na sijawahi kukosea kiungo. Anayetaka kumpiga tena aanze na mimi."

Mwenye tofali akaliweka chini polepole. Muuzaji wa kona naye akapata ujasiri wa kujitokeza na kusema kwamba ndiyo, ni yeye aliyemuuzia. Watu wakatawanyika wakijifanya hamnazo, na aliyepiga yowe alikuwa wa kwanza kuondoka.

Mtu wa chini akajikokota akakaa. Mdomo ulikuwa umepasuka, jicho limeanza kuvimba, shati lote damu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Modemu yangu iko wapi?"

Shoka akashindwa kujizuia, akacheka. "Umetoka kufufuliwa sasa hivi, unauliza modemu?"

"Mimi nitapona. Hii haitengenezwi tena." Akaipangusa kwa pindo la shati. "Asante, dada. Naitwa Waya."

"Inuka, Waya. Twende ukanawe uso, usije ukatisha watoto wa watu."

Bucha lilikuwa chumba kimoja chenye vigae vyeupe, kulabu sita, meza ya gogo, friza mbili, na nyuma kabisa chumba cha baridi chenye mlango wa chuma na komeo. Mama yake Shoka alikuwa amekaa kwenye stuli, na juu ya jicho lake la kushoto palikuwa na nyuzi tano. Kioo cha mbele hakikuwepo, palipigiliwa mbao.

Waya alinawa, akatazama mbao, akatazama nyuzi. "Na hapa nani alipigwa?"

"Hapa alikuja kaka yangu," Shoka alisema. Hakuwa mtu wa kuficha. Marehemu baba yao alimwachia kaka kiwanja cha gereji, na yeye akaachiwa duka, kwa kuwa ndiye aliyesimama na baba kwenye gogo miaka yote. Kaka aliona ameonewa. Alitaka hati ya duka, na alikuja kuichukua akiwa na nondo. Hati anaitunza Mama, kwenye mfuko alioushonea ndani ya nguo, mchana na usiku.

"Ni mwanangu pia," Mama alisema kutoka kwenye stuli. "Msimpeleke polisi. Hasira zitamwisha."

"Zitamwisha sisi tukishaisha," akasema binti yake.

Kilichomnyima Shoka usingizi kilikuwa kimoja. Kila asubuhi lazima aende machinjio, akae huko kwa muda wa saa tatu, na Mama anabaki peke yake. Alimweleza Waya hivyo, na Waya akasema anajua dawa yake. Kesho yake alirudi na kamera ndogo, modemu, na plasta usoni. Akapanda ngazi, Shoka akaishikilia, na kila mmoja akawa anamtazama mwenzake akidhani mwenzake hamwoni.

"Ukiwa machinjio utaliona duka lako kwenye simu," alisema huko juu.

"Simu itajuaje duka liko wapi?"

"Hapo ndipo penye kazi. Kampuni ya intaneti inakubadilishia anwani kila umeme ukikatika. Leo uko hapa, kesho wameshakuhamisha bila kukuaga. Zipo kampuni za kukufuatilia, lakini sipendi mtu baki ajue milango ya wateja wangu. Kwa hiyo nina seva yangu mwenyewe, nyumbani, juu ya kabati la nguo. Modemu ya kila mteja inaibishia hodi kila dakika tano: mimi fulani, nipo hapa. Wewe unakumbuka jina tu. Wakuhamishe wanavyotaka, jina litakufikisha."

"Na jina lenyewe?"

"Chagua wewe."

"Mfupa."

"Sijawahi kupewa jina la kimapenzi kama hilo."

"Nani kakwambia ni la kimapenzi? Shuka, ngazi ina mafuta."

Alishuka, akateleza, na wakajikuta wamekumbatiana bila kupanga. Mama akageuza stuli yake ikatazama barabarani.

Wakapendana, na wakapendana kwa nguvu zote. Waya alikuwa mtu wa sauti ya chini na vidole virefu, mashati yake yote ya mikono mirefu, hata jua liwake vipi. Shoka alijikuta anapaka wanja kwenda kukata nyama. Simu zikawa hazikatiki.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Si una seva? Iulize."

"Seva inasema mfupa uko dukani. Haisemi kama umekula."

"Sijala. Niletee chakula, na usilete maneno."

"Nitaleta vyote."

Mwezi wa pili wa penzi lao, siku ya Jumatatu, simu ya Shoka ikalia. Alikuwa kaka.

"Gauni la njano limekupendeza Jumamosi," kaka akasema. Sauti yake ilikuwa ya kujikunjua, ya mtu aliyeshiba. "Ulimkatia mteja mbavu, mkacheka. Kisha huyo fundi wako akakushika kiuno nyuma ya friza, ukampiga kofi la mahaba. Mama alikuwa anasinzia. Nimeona mengi, mdogo wangu. Mwambie Mama alete hati, la sivyo nitakuja siku ambayo nimekwisha kuona kwamba yuko peke yake."

Shoka alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba, akaenda nyumbani kwa Waya. Hakubisha hodi.

"Nani mwingine anaiona kamera yangu?"

Waya alikuwa na kikombe cha chai mkononi. "Hakuna. Mimi na wewe tu."

"Basi ni wewe. Kaka yangu ananisimulia ulivyonishika kiuno."

"Kaka yako? Kaka yako nani, mpenzi? Yuko wapi?"

"Mwenye gereji ya karibu na kituo cha mafuta. Mrefu, ana kovu la moto shingoni."

Kikombe kilitua mezani vibaya, chai ikamwagika. Uso wa Waya ulibadilika hata kabla hajasema, na Shoka akauona ulivyobadilika, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

"Ni mteja wangu," Waya akasema.

"Rudia."

"Ni mteja wangu, mwaka wa pili sasa. Nimemfungia kamera za uani. Sikujua ni ndugu yako, nakuapia. Yeye fundi umeme wa magari, anajua kufungua vitu. Atakuwa amefungua modemu yake, akakuta ufunguo wa kubishia hodi kwenye seva, unaoonyesha majina yote, na paswedi ya kamera, na... na nimewapa wateja wote ufunguo mmoja. Wote ishirini. Paswedi ya kamera nayo ni moja. Nilikuwa narahisisha kazi."

"Unarahisisha kazi."

"Shoka..."

"Ulikimbia kampuni za watu baki ili unilinde. Ukaja ukanikabidhi kwa kaka yangu mkononi."

Akampiga. Hakumpiga kofi, alimpiga ngumi ya mtu anayenyanyua nusu ng'ombe kila asubuhi, na pua ya Waya ikalia. Waya alikaa chini damu ikimtiririka kidevuni, hakuinua mkono kujikinga.

"Nipige tena ukitaka," alisema. "Lakini kwanza lete simu, tubadilishe paswedi ya kamera. Andika wewe mwenyewe, mimi sitazami."

Walibadilisha, Shoka machozi yanamdondoka kwenye kioo cha simu. Waya akaeleza kwamba umebaki ule ufunguo wa seva, ambao hauwezi kubadilishwa mpaka azunguke kwa wateja wote, maana akiubadilisha leo modemu zote zitakosa mlango. Itamchukua wiki. Hakumaliza. Shoka alikuwa ameshatoka, ameshalifungia jina lake kwenye simu asipokee tena hodi yake.

Siku nne alikaa na moyo mzito. Alikata nyama kwa hasira mpaka wateja wakawa wanaomba radhi kwa kuomba maini. Alimkumbuka, akajichukia kwa kumkumbuka. Mama alimwambia, "Kukosea na kusaliti ni vitu viwili," akajibiwa kwamba hakuulizwa.

Siku ya tano, Ijumaa, alikwenda machinjio kama kawaida. Aliacha mbuzi wawili kwenye kulabu na Mama kwenye stuli. Saa nne kasoro alifungua simu, akamwona Mama amekaa kimya anapunga nzi. Moyo ukatulia. Akairudisha simu mfukoni, akaingia kwenye foleni ya mkaguzi, yule mzee mwenye muhuri wa wino wa zambarau ambaye bila yeye nyama haitoki.

Simu ikaita kwa namba ngeni. Akaikata. Ikaita tena, akaikata tena. Alipokuwa anaikata mara ya tatu, macho yakaangukia ile picha ya duka, ambayo bado ilikuwa wazi. Mama anapunga nzi. Nyuma yake, kwenye kulabu ya tatu, limening'inia paja la ng'ombe.

Shoka akasimama pale pale kwenye foleni. Paja lilikuwa na muhuri uliogongwa mara mbili, mmoja juu ya mwingine, umepinda.

"Mzee," alisema, akamsogezea mkaguzi simu. "Hili paja unalijua?"

Mkaguzi akasogeza miwani. "Si ndilo lile lililoniponyoka ukanitukana mbele za watu? Ilikuwa Jumamosi."

"Jumamosi ya lini?"

"Ya wiki iliyopita. Umelitunza mpaka leo? Litakuwa limeoza!"

Paja lile liliuzwa siku hiyo hiyo, lote, kwa mwenye hoteli. Alilibeba yeye mwenyewe begani mpaka kwenye gari. Picha aliyokuwa anaiangalia ilikuwa ya wiki iliyopita.

Namba ngeni ikaita mara ya nne. Akaipokea.

"Usikate!" Ilikuwa sauti ya Waya, anahema. "Nimeazima simu. Usiamini hiyo kamera. Jina lako linabisha hodi kutoka gerejini, tangu saa tatu na nusu. Amelihamisha kwa ule ufunguo, anakuonyesha picha aliyoirekodi zamani. Niko dukani kwako. Yuko hapa, mpenzi, ana..."

Ukasikika mlio wa chuma juu ya kigae. Mama alipiga ukelele. Kisha simu ikaanguka, na Shoka akasikia mapigo, moja, mbili, tatu, na baada ya kila pigo sauti ya mtu anayejaribu kutolia.

Aliiacha nyama. Alirukia pikipiki ya kwanza aliyoiona, akamwambia dereva aendeshe kama anafukuzwa, na dereva alipomtazama usoni hakutaja nauli.

Mlango wa duka ulikuwa umeshushwa nusu. Alipita chini yake kwa magoti. Mbuzi wote wawili walikuwa sakafuni, friza moja imepinduliwa, vigae vimejaa damu, na mara hii haikuwa ya mifugo. Mama hakuonekana. Mbele ya chumba cha baridi alikuwa Waya, ameegemea mlango wa chuma, mkono wake wa kulia umelishika komeo. Alikuwa amemsukumia Mama ndani pamoja na hati yake, akafunga. Kaka alisimama juu yake na spana kubwa ya kufungulia magurudumu, anakigonga kidole kimoja baada ya kingine.

"Achia," kaka alikuwa anasema, kwa upole wa ajabu. "Bado viwili. Achia."

Waya alitikisa kichwa.

"Kaka," Shoka akaita.

Kaka akageuka. Hakushangaa. Alizungusha spana kwa mkono mmoja, ikampata Shoka begani, na wote watatu wakasikia mfupa wa mtulinga ulivyokatika. Akaanguka juu ya gogo. Kaka akamfuata, akamshika nywele, akampigiza uso kwenye ukingo wa mbao. Meno mawili yakatoka. "Baba alikuharibu," akamwambia sikioni. "Alikufanya ujione mwanamume." Akampigiza tena.

Mkono wa kushoto wa Shoka haukuwa na kazi tena. Wa kulia ulipapasa gogo, ukakuta mpini.

Hakutumia makali. Aligeuza kisigino cha shoka, akapiga chini, kwenye goti, pembeni, pale ambapo alijua tangu ana miaka kumi na sita kwamba kiungo hufunguka. Goti likafunguka. Kaka alianguka akinguruma, spana ikaruka, naye Shoka akamkalia kifuani na mara hii makali yakatazama chini. Aliuona mshipa wa shingo unavyodunda chini ya lile kovu. Alitaka kushusha. Watu waseme watakavyosema, alitaka kabisa, na mkono ulikuwa tayari juu.

"Mpenzi," Waya akasema kutoka sakafuni, kwa shida. "Mama anaganda humu ndani. Mimi siwezi kufungua."

Shoka akatazama komeo. Akatazama vile vidole. Akalitupa shoka mbali, akainuka, akamfungulia mama yake mlango.

Mama alitoka akitetemeka, ameukumbatia mfuko wake. Alimtazama mwanawe wa kiume, akamtazama binti yake asiye na meno ya mbele, akamtazama yule mtu mwenye mkono uliosagika. "Nipe simu," alisema. "Polisi nawapigia mimi." Akapiga, na alipoulizwa jina la mtuhumiwa akalitaja lote, mpaka la babu, huku kaka akiwa anamlilia "mama, mama" pale chini na yeye hakugeuka.

Siku tatu baadaye, saa za jioni za kuwaona wagonjwa, Shoka aliingia wodini mkono umefungwa kifuani, mdomo umevimba, na gauni jipya la kijani ambalo Mama alilazimika kumfunga zipu. Waya alikuwa kitandani. Mkono wa kulia ulikuwa plasta tupu. Madaktari waliokoa vidole vitatu. Upande wa pili wa ukuta alisikika kaka, aliyefungwa pingu kwenye kitanda chake, akiwatukana manesi wanaombadilishia dawa ya goti.

"Nimeizima seva kwa simu," Waya alisema kabla hata ya salamu. "Wateja wote wako gizani, wananipigia kunitukana. Sitaiwasha tena. Mtu mzembe kama mimi hafai kushika milango ya watu."

"Nani kakuuliza?" Shoka akakaa kitandani. Maneno yalitoka na miluzi kwa sababu ya meno, na Waya akajitahidi asicheke. "Cheka tu. Nimekuja na kompyuta yako. Wewe taja, mimi nitaandika. Kila mteja na ufunguo wake, kisha tutaiwasha na kuzungukia modemu moja moja."

"Wako kumi na tisa."

"Najua kuhesabu. Mmoja kafungwa pingu."

Alikuwa anaandika kwa kidole kimoja, polepole, akilaani kila herufi. Waya alitaja, yeye akaandika. Katikati ya mwenye duka la dawa na mwenye karakana ya milango, Waya akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe."

"Nilikuvunja pua, ukaenda kuvunjwa vidole kwa ajili ya mama yangu. Nani amsamehe nani?" Macho yalimjaa. "Nilikukata simu mara tatu, Waya. Ningepokea ya kwanza, ningefika kabla hujapigwa. Simu hiyo naisikia mpaka sasa. Nakupenda, na naisikia."

Waya alimshika mkono kwa mkono wake mzima. Nyuma ya ukuta kaka alikuwa bado anapaza sauti.

Likabaki jina la mwisho, mfupa. Waya aligeuza kichwa, akatazama ukuta.

"Andika ufunguo wako. Usinionyeshe."

Shoka akaandika, mrefu, herufi na namba zilizochanganyika. Akabonyeza. "Tayari. Unataka kuujua?"

"Hapana. Ni mlango wako."

"Hata ukiwa mume wangu?"

Kichwa kikageuka haraka mpaka kikamuuma. "Hata nikiwa mume wako."

"Basi nioe hivyo hivyo," Shoka akasema, "bila kuujua."

"Nitakuoa," akasema Waya, na kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa plasta, alimvuta kwa wa kushoto, wakabusiana kwa midomo iliyopasuka, na iliwauma wote wawili.